Begonia 'Helene Harms': kiazi, mche au mbegu?

'Helene Harms' ni begonia ya kiazi ya zamani, ya kundi la Multiflora: fupi, yenye maua madogo ya manjano yaliyojaa petali. Ukoo wake ulianzia Ulaya. Mwaka 1870 kitalu cha Veitch cha Uingereza kilitoa chotara aliyezalishwa na mtaalamu wake, John Seden, kutokana na begonia za milima ya Andes, kisha Victor Lemoine wa Nancy, Ufaransa, akaleta za petali nyingi.

Nafasi ya kwanza tunaipa kiazi kikavu kinachouzwa kwa jina, Februari hadi Machi. Chukua chenye upana wa sm 4 au zaidi. Bonyeza kwa kidole gumba kwenye kibonde cha juu: kikibonyea, kimeoza. Kikiwa chepesi na kina tundu ubavuni, huenda buu mweupe mwenye kichwa cha kahawia ameshakila ndani. Vichipukizi vifupi vya waridi ni dalili njema. Virefu vilivyopauka huvunjika njiani.

Ya pili ni mche wa chungu. Bei iko juu, ila unanunua ukiliona ua. Majani yenye unga mweupe ni ukungu, uache. Usishtuke ukikuta maua mawili ya petali chache kando ya moja lililojaa: hayo ni majike, yana kifuko chenye mabawa nyuma. Lililojaa ni dume. Hujapunjwa.

Mfuko wa viazi vya "manjano mchanganyiko" ni wa tatu. Ni rahisi na unajaza vyungu, lakini usitegemee kupata 'Helene Harms' humo.

Mbegu zenye jina hili usinunue kabisa. Chotara huyu huzalishwa kwa vipandikizi au kwa kukata kiazi. Mbegu yake haimrudishi mama. Anayetaka kusia achukue mbegu za aina ya Nonstop za kampuni ya Benary, akijua ni begonia nyingine.

Kiazi kilaze kibonde kikiwa juu, kwenye mboji yenye unyevu kidogo, nyuzi 18 hadi 20 za Selsiasi. Mwagilia pembeni, maji yakituama kibondeni kiazi huoza kabla ya kuchipua. Ulaya, usikitoe nje kabla jalidi haijaisha.

Kwa wa Limuru au Lushoto, ubaridi unafaa, ila mchana wetu wa saa 12 huisukuma begonia hii kunenepesha kiazi badala ya kuchanua. Bila taa ya kurefusha mchana hadi saa 14 hivi, pesa yako iweke kwenye begonia isiyo na kiazi.