Kipimo gani cha umbali ununue kama unaingia kwenye makalavati na mapango

Wakuu, hili swali linarudi kila mara. Mtu anataka kujua kalavati la mtaani kwao lina urefu gani, au anaenda mapangoni na jamaa zake, akiuliza anunue kipimo gani majibu anayopewa ni ya mafundi ujenzi, yaani watu wanaopima chumba kikavu chenye taa. Kule chini ni habari nyingine: giza, maji, matope, ukungu wa pumzi zenu wenyewe, na hakuna sehemu inayonyooka kwa muda mrefu.

Na kupima ni muhimu jamani. Mapango ya Amboni kule Tanga watu wamehadithiwa miaka na miaka kwamba yanatokea Mombasa, wengine wanakwambia mpaka Kilimanjaro, halafu mwaka 1994 ikaja timu ya Wajerumani na Waturuki ikapima, wakakuta ni mapango kumi yaliyotengana na lile refu kuliko yote lina mita 907 basi. Ukitembea umeinama na tochi mkononi, mita mia unaziona kilomita.

Namba moja kwangu ni leza, yaani kipimo kinachopiga mwanga ukutani na kusoma umbali, ya mita 40 au 50, isiyo na mbwembwe. Zile za mita 100 na kuendelea achana nazo, huo umbali unaulipia bure maana njia inapinda kabla hujaufikia. Kwenye boksi angalia kwanza namba ya IP, ile inayoonyesha mashine inavyokinga vumbi na maji, mita baadaye. IP54 inavumilia vumbi na matone ya maji, IP65 vumbi halipiti kabisa na matope unayasuuza kwa maji, ukitaka hata ikidumbukia ipone hiyo ni IP67 na ziko chache. Bosch GLM 40 ni IP54, inatumia betri ndogo za rimoti ambazo unazipata duka lolote, kwa mapango makavu inatosha. Kama ni kalavati lenye maji ongeza hela uchukue GLM 50-27 CG, ile ni IP65 na inapima na mwinuko, yaani nyuzi ulizoiinamisha. Mwanga wake ni wa kijani, wauzaji watakusifia sana kuhusu hilo, ni kweli kijani kinaonekana vizuri zaidi ukiwa mwangani ila kwenye giza totoro nyekundu inatosha kabisa, kwa hiyo usilipie rangi.

Sasa matumizi, hapa ndipo wengi wanaanza kuitukana mashine. Ukiipiga kwenye maji au ukuta mweusi uliolowa mwanga haurudi vizuri, inakuandikia error. Mtu wa mbele ashike kitu cheupe, kava la daftari linatosha, we piga pale (pale kwenye kava, siyo machoni mwake). Halafu kagua alama kwenye skrini inayoonyesha inahesabia kuanzia mbele au nyuma ya mashine, maana kitu chenyewe kina urefu wa kama sentimita 10, ukikosea hapo kwenye njia uliyoipima kwa vipande 20 tayari umepoteza mita mbili. Kuhusu kuinama, usihangaike sana: ukiinamisha nyuzi 3 kwenye mita 30 unakosea sentimita 4 tu. Ila zikifika nyuzi 10 kosa linakaribia nusu mita, ndo maana nikataja ile inayopima mwinuko.

Zile leza zisizo na jina za Kariakoo sizikatai zote, kuna nzuri. Mwambie muuzaji akuazime tepu, pima nayo sakafu ya duka, halafu piga leza mara kadhaa sehemu ileile, ikikupa majibu tofauti na tepu au tofauti kila ukibonyeza mrudishie.

Namba mbili tepu ya faiba, mita 30, yenye fremu wazi na mkono wa kuzungusha. Iliyofungwa kwenye kasha usichukue, changarawe zinaingia ndani zinasaga namba mpaka zinafutika. Ya chuma inashika kutu. Tepu inataka watu wawili na kwenye maji yanayokimbia inapinda, lakini haina betri na haigomi. Kabla hujalipa angalia sifuri inaanzia wapi, kuna zinazoanzia kwenye pete ya mwisho na kuna zinazoanza mbele kidogo.

Namba tatu ni DistoX, yaani leza ya Leica DISTO X310 iliyofungwa ndani saketi ya Beat Heeb, Mswisi aliyeibuni kwa ajili ya wapima mapango, inakupa umbali, dira na mwinuko kwa mpigo mmoja na kurusha kwenye simu yenye TopoDroid, programu ya ramani za mapango, mnachora ramani mkiwa humohumo. Kwenye mapango ya chokaa kama Amboni hakuna cha kuigusa. Mbona namba tatu basi? Kwanza kuipata ni kazi maana X310 haitengenezwi tena, na hela yake si ya kitoto. Pili kwenye kalavati la zege nondo zinaivuruga dira, na hata mapango ya volkano kama ya Suswa au lile la Leviathan kule Chyulu, yote ya Kenya, Leviathan lina zaidi ya kilomita 11, mawe yenyewe yana madini ya chuma, inabidi upime kwenda na kurudi kila kipande.

Halafu kuna lile gurudumu la kusukuma la watu wa barabara. Chini halifai, kila jiwe linalopanda linakuongezea umbali. Ila mfereji ukipita chini ya barabara, pima juu kutoka chemba hadi chemba, umemaliza bila kulowa. Kwa maji taka ndo njia pekee ninayokushauri, usiingie kabisa, ile gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza ikizidi pua inaacha kuinusa. Na hata mtaro wa mvua, kama kuna wingu upande wa juu wa mji ahirisha, maji hayatoi taarifa. Ruhusa pia uombe.

Kamba yenye mafundo ni ya bure, sawa, ila nailoni inavutika na katani ikilowa inasinyaa.

Usinunue vile vipimo vya sauti, mlio unatawanyika ukagonga ukuta wa pembeni ukadhani ndo mwisho wa njia. Programu za simu nazo zinataka mwanga, GPS chini haishiki, na hata iPhone Pro zenye LiDAR (kihisi cha kupima umbali kwa leza), kuanzia 12 Pro, zinafika kama mita 5, labda upime upana. Simu we ibebe kwenye mfuko wa plastiki, upige nayo picha ukurasa wa vipimo kabla daftari halijaanguka majini.