Akili mnemba imenichorea breketi isiyopitisha spana

Nina hasira, mnivumilie. Hii programu ya kusanifu vyuma kwa akili mnemba naitolea dola kila mwezi, jina silitaji. Walipokuwa wakiniuzia walinionyesha ile breketi (kile chuma cha kushikilia) ya siti ya gari ya General Motors ya 2018: vipande 8 vikawa kimoja, uzito ukapungua kwa asilimia 40, uimara ukaongezeka kwa asilimia 20. Nani asingetia mkono mfukoni?

Mimi shida yangu ilikuwa breketi ya beringi ya mashine ya kusaga mahindi, basi. Unaonyesha matundu ya bolti, unaandika uzito wa shafti na mvuto wa mkanda, unaiacha ikokotoe. Ikanitolea kitu chenye mikono myembamba kama mifupa ya kuku. Kizuri, sibishi. Rangi za mkazo, zile ambazo nyekundu ndiyo panapoelemewa, bluu tupu, nyekundu hakuna hata chembe.

Nikampelekea fundi wangu wa pale Gerezani, Dar es Salaam, mzee wa siku nyingi. Akakigeuzageuza kwenye simu, kidole kikatua kwenye bolti ya nyuma.

"Injinia, hapa spana inapita wapi?"

Haipiti! Mkono mmoja umekatiza juu kabisa ya kichwa cha bolti ya spana namba 17. Hata spana ya boksi haiingii. Yaani beringi ikifa, na kwenye vumbi la unga lazima ife, mwenye mashine achukue grainda akate breketi nzima. Na kwenye tangazo wameandika eti inatambua yenyewe nafasi za kufungia.

Hilo ningelimeza. Kilichonichefua ni huduma kwa wateja. Nimeandika kwa adabu, nimeweka na picha, najibiwa kwamba nafasi ya spana huainishwa na mtumiaji, na je, nimewahi kusomea usanifu wa mitambo? Mimi! Si ninyi mnaosema inafikiri kama mhandisi? Mhandisi gani hajui kwamba bolti hufungwa na mtu mwenye mkono?

Nilikuwa nawapa nyota tatu, kusema kweli. Zile rangi zilinionyesha breketi yangu ya zamani inapasukia wapi: kwenye kona kali ya ndani. Tumeiviringisha ile kona, mpaka leo haijapasuka. Kwa hiyo kazi inafanya, tatu ni haki yao.

Hapana. Nikilikumbuka lile swali, moja. Na mwezi huu wamekata hela tena, kitufe cha kujitoa nakitafuta, hakionekani.