Vishale vya njano vya nati za lori: vinasema kweli, kama nati ilibanwa kweli

Tuanze na hukumu: vinunue, lakini si kabla ya kuwa na spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza nati), au fundi anayeimiliki na anayeitumia. Bila hiyo, vishale ni urembo wa rimu.

Asiyevijua, ni vikombe vidogo vya plastiki vyenye ncha upande mmoja, vinavyovalishwa juu ya nati za gurudumu. Nati ikishabanwa, unapachika kishale, na cha nati ya jirani unakielekeza kiitazame ncha yake. Gurudumu la studi 10 (vyuma vyenye nyuzi vinavyofungwa nati) linapata jozi 5. Nati ikizunguka hata kidogo, ncha zinaachana. Dereva anayekagua gari alfajiri kwa tochi anamaliza gurudumu kwa kutupa jicho, na hata utingo ambaye hajawahi kushika spana ataona kilichobadilika tangu jana. Kwenye ukaguzi wa kabla ya safari hakuna kifaa kingine cha bei hii kinachofanya kazi hiyo. Nati iliyolegea robo mzunguko ukiitazama kwa macho matupu inafanana kabisa na iliyobana.

Pesa nyingi hupotea kwenye saizi. Malori mengi ya Ulaya na ya Kichina yanayoonekana njia ya Tunduma au Malaba yana nati za M22 (za studi nene milimita 22) zinazochukua soketi ya milimita 33, ila zipo pia za 32. Milimita moja ni nyingi: kishale cha 33 kwenye nati ya 32 kinacheza, ncha inahama yenyewe kwa mtikisiko, dereva anaanza kuona hatari isiyokuwepo, na baada ya wiki haviamini tena vishale vyote. Malori ya zamani ya Kijapani yana mfumo wao, nati ya nje ya 41 na nyuzi za upande wa kushoto zimegeuzwa. Usimtajie muuzaji aina ya gari. Chukua nati moja ya akiba uende nayo dukani.

Hesabu pia huwapiga watu chenga. Kichwa cha ekseli tatu kikivuta tela la ekseli tatu kina mbele magurudumu 2, nyuma ya kichwa sehemu 4 za kufungia magurudumu, na tela sehemu 6. Jumla 12, kila moja nati 10: vishale 120. Pakiti ya 100 inakuacha na ekseli moja ya tela bila kitu, na ekseli ya mwisho ya tela ndiyo ambayo dereva haioni wala haisikii ikianza kuleta matatizo.

Vya bandia vipo vingi. Kikunje kishale ncha iguse mgongo wake, kisha ukiachie. Kizuri kinarudi kilivyokuwa. Kibovu kinabaki na alama nyeupe kwenye mkunjo, na hicho jua la Dodoma litakipasua mapema. Kukivalisha kunatakiwa kudai msukumo wa kiganja. Kikiingia kwa kidole kitaruka barabarani, na kikihitaji nyundo kitachanika. Kama nati zako zina kofia za kromu, ziondoe, kwa sababu vishale havikai juu yake. Hata bila vishale kofia hizo hazina faida: zinaficha michirizi ya kutu inayotoka chini ya nati, na mchirizi huo ni dalili ya kwanza kwamba rimu inacheza.

Sasa kwenye jambo lenyewe. Kishale kinakuambia nati haijazunguka tangu ulipokivalisha. Hakikuambii kama ilibanwa sawasawa siku hiyo. Nati za M22 za aina hii kwa kawaida hudai kiasi cha Nyutoni mita 600 hadi 700; namba kamili iko kwenye kitabu cha gari. Mia sita ni kama mtu wa kilo 60 kusimama na uzito wake wote kwenye ncha ya spana ya mita moja. Chukua bomba la mita moja na nusu, mpandishe kijana wa kilo 80, umeshafika karibu 1,200 kabla hajaanza kuruka. Studi inavutika kupita kiasi, hairudi urefu wake, na safari moja baadaye inakatika. Studi ikikatika, nati inaondoka na kishale chake, hivyo mahali palipo wazi pasomeke kama hatari na si kama kishale kilichopotea. Bunduki ya upepo ya fundi tairi ina kasoro hiyohiyo: inabana, ila haijui imebana kiasi gani. Itumike kusogeza nati zikae, kisha spana ya torki imalize, kwa kuruka kutoka nati moja hadi inayoikabili, si kwa kufuata duara.

Kuna kosa jingine ambalo kishale hakilioni kabisa. Gurudumu likishafungwa, nyuso zinazogusana hukaa sawa kadiri gari linavyotembea. Tairi za nyuma zikiwa mbili mbili, nyuso hizo ni nyingi: habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa) kwa rimu, rimu kwa rimu, rimu kwa nati. Kama kati yake kuna rangi, kutu au mchanga, tabaka hilo linasagika, mbano unapungua, na nati haijazunguka hata kidogo. Ncha bado zinatazamana vizuri. Ndiyo maana rimu zilizopigwa rangi mpya nzito ili tela lionekane jipya ni za kuogopwa zaidi kuliko zilizochakaa. Dawa ni moja: gurudumu likifunguliwa kwa sababu yoyote, hata pancha, rudia torki baada ya kilomita 40 hadi 80. Ukitoka Dar es Salaam kuelekea Morogoro, mizani ya Vigwaza iko karibu na umbali huo, na gari linasimama hata hivyo. Toa vishale, torki, rudisha vishale.

Kwenye malori yenye nyuzi za kawaida pande zote mbili, anza na magurudumu ya nyuma kushoto. Mzunguko wa gurudumu la kushoto gari likienda mbele husaidia nati kufunguka, na Uingereza, ambako nako wanaendesha kushoto, imeonekana kwamba upande huo wa nyuma ndio unaoongoza kwa magurudumu kung'oka.

Faida ambayo wauzaji wengi hawaisemi ni kuonyesha joto. Plastiki hulainika joto la habu likizidi. Kiwango huandikwa kwenye pakiti, na zipo aina za joto kubwa zenye rangi nyingine. Kwa ukaguzi, zile za kawaida ni bora, maana kuyeyuka kwake ni taarifa. Chini ya mteremko wa Kitonga, gurudumu moja likiwa na vishale vilivyolala na mengine salama, tafuta breki isiyoachia, beringi iliyobana au grisi iliyovuja kwenye oili sili. Ekseli zote zikiwa hivyo, tatizo ni mguu wa dereva au marekebisho ya breki. Mwenye gari anayeficha vishale vilivyoyeyuka kwa kuvalisha vipya anatupa ushahidi aliolipia.

Watu huuliza kama pamoja na vishale wanunue na ile nyundo ya kugongea tairi. Nyundo ni ya haraka, inakuonyesha tairi iliyokwisha upepo kabisa, hasa ya ndani isiyoonekana. Basi. Tairi inayotakiwa psi 120 ikiwa na 95 imeshuka zaidi ya asilimia 20, na kwa kawaida ya kazi inahesabiwa imekufa: ivuliwe, ikaguliwe ndani kabla ya kujazwa, kwa sababu kuta zake zimeshapikwa. Sikio halitofautishi 95 na 120. Geji yenye kichwa cha pande mbili, kimoja cha kusukuma na kingine cha kuvuta kwa ajili ya valvu ya tairi ya ndani, ndiyo inayolipa. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi. Tairi mbili za pamoja zisitofautiane zaidi ya psi 5, la sivyo yenye upepo mwingi inabeba mzigo wa mwenzake. Na usipunguze upepo wa tairi iliyopata moto njiani kwa kuona geji imepanda. Ikipoa itakuwa chini.

Breki hazihitaji kununua kitu zaidi ya chaki na rula. Weka vizuizi vya magurudumu, achia handbreki, piga mstari wa chaki kwenye fimbo ya boosta (kopo la upepo linalosukuma breki) pale inapotokea, mtu akanyage pedali hadi mwisho matangi ya upepo yakiwa na psi 90 hadi 100, kisha pima mstari umesogea kiasi gani. Kwa boosta ya kawaida ya saizi 30, ikifika milimita 51 imefikia mwisho wake kwa kanuni za Marekani. Sleki za kujirekebisha (mikono inayounganisha fimbo hiyo na shafti ya breki) zikionyesha hivyo, usizikaze kwa spana ukaondoka. Kuna kitu kimekufa, ama sleki yenyewe, ama bushi za shafti ya breki, na kwenye mteremko wa Iwambi urefu huo utarudi palepale.

Kwa duka lolote la spea la Gerezani, Dar es Salaam, au pengine, oda inayofaa kwa kichwa na tela la ekseli sita ni vishale 140, ili 20 vibaki ndani ya kabini, pamoja na geji hiyo ya vichwa viwili. Tarehe ya torki andika kwa kalamu ya rangi ndani ya ubao wa matope, karibu na kila ekseli. Ubora wa plastiki nzuri tunaupa 4 kati ya 5. Alama moja imeondoka kwa sababu vikioshwa kwa pampu ya maji ya nguvu kwa karibu baadhi hugeuka, na baada ya kuosha gari lazima mtu azunguke na spana kuthibitisha ni kishale kilichosogea au ni nati.