Technics SL-1200G katika nyumba ya boriti: tathmini baada ya mwaka mmoja

Mjomba wangu alituachia makasha manne ya santuri, na zaidi ya nusu ya santuri hizo ni zile ndogo za inchi 7 zinazozunguka mara 45 kwa dakika. Aliyekulia na muziki wa Kenya, Tanzania na Kongo wa miaka ya 1960 na 1970 anajua sababu yake: nyimbo nyingi za wakati ule zilitolewa kwa santuri hizo ndogo, na wimbo uliokuwa mrefu ulikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande mmoja na sehemu ya pili, ambayo ndiyo magitaa huchachamaa, upande wa pili. Msikilizaji wa muziki huu hakai akatulia kwa dakika ishirini. Huinuka kila baada ya dakika tatu au nne, akageuza santuri, akabadilisha mwendo, akarudi kitini. Kwa hiyo, nilipoamua kutumia akiba yangu kununua mashine moja ya santuri itakayonitosha kwa maisha yangu yote, nilitaka iwe imara mkononi na ibadilishe mwendo bila usumbufu. Baadhi ya mashine nzuri za santuri zinazozungushwa kwa mkanda wa mpira, kama Rega Planar 3 ya Uingereza, humtaka mtumiaji ainue sahani inayobeba santuri na kuhamisha mkanda kwa vidole kila anapotoka kwenye mwendo wa mara 33 kwa dakika kwenda 45, isipokuwa aongeze kisanduku cha umeme kinachouzwa kando. Technics SL-1200G hubonyezwa kitufe tu, na vitufe viwili vikibonyezwa pamoja huzunguka mara 78.

Jina la SL-1200 si geni kwa wapenda dansi. Mashine ya kwanza ya jina hilo ilitoka Japani mwaka 1972, na toleo la MK2 la mwaka 1979 ndilo lililotawala madisko duniani kote hadi utengenezaji ulipositishwa mwaka 2010. Toleo la G, lililoingia sokoni mwaka 2016, limebakiza sura ya mama yake lakini ndani yake limeundwa upya. Bei yake ilipotoka ilikuwa takriban dola 4,000 za Marekani, na katika bei hiyo hakuna katriji, yaani kidude kinachoshika sindano na kugeuza mtetemo wake kuwa umeme, wala sindano yenyewe. Hizo hununuliwa kando. Naisema bei mapema kwa sababu ni fedha nyingi mno kwa chombo cha kusikilizia muziki, na anayeisoma tathmini hii ana haki ya kuniuliza, kila ninaposifu, kama sifa hiyo inalingana na gharama.

Nyumba yetu iko Mji wa Kale, Mombasa, na sebule iko ghorofa ya kwanza. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kama urefu wa mkono, lakini sakafu imelala juu ya boriti za mikoko. Sakafu ya namna hii hunesa. Siku ya kwanza niliiweka mashine juu ya kabati la mbao zito nikiamini kwamba kilo 18 za mashine na uzito wa kabati vingetosha kuituliza. Mtoto alipopita mbio ukumbini, sindano iliruka kutoka ubeti wa kwanza hadi kiitikio. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kazi ya kufunga mashine huanza kwenye jengo.

Nilimwita fundi anayejua nyumba za zamani atutengenezee rafu ya ukutani. Nilimhimiza amalize siku hiyo hiyo, naye akaniambia kwa upole, "Ami, ukuta wa mawe na chokaa hautaki haraka." Alitoboa polepole, akayakwepa maungio ya chokaa yanayomumunyika, akatafuta jiwe lenyewe, akaingiza boliti ndefu nne na kuiacha saruji yake ikauke siku mbili kabla ya kutundika chochote. Rafu hiyo, iliyonigharimu sehemu ndogo sana ya bei ya mashine, ndiyo fedha niliyoitumia vizuri kuliko zote. Sasa watoto hukimbia, wageni hupanda ngazi, na sindano haishtuki.

Mashine hufika ikiwa vipande: sahani kando, mkono unaobeba sindano umefungwa, uzito wa nyuma ndani ya mfuko wake. Sahani peke yake, pamoja na mpira wa juu, ina uzito wa takriban kilo 3.6, kwa kuwa imetengenezwa kwa shaba ya njano juu, alumini katikati na mpira wa kumeza mtetemo chini, na hukazwa kwenye mota kwa skrubu tatu. Mwenye haraka anaweza kudhani skrubu hizo ni urembo. Zinaifanya sahani na mota kuwa kitu kimoja. Baada ya hapo niliweka pimamaji juu ya sahani, nikazungusha miguu ya mashine mmoja mmoja mpaka povu likatulia katikati kwa pande zote mbili.

Kwa katriji nilichagua Ortofon 2M Bronze ya Denmark. Kuifunga kwenye kichwa cha mkono ni kazi ya skrubu mbili ndogo na nyaya nne nyembamba kama uzi wa kushonea, na nakiri kwamba nilifunga mlango na kuzima simu kabla ya kuzigusa. Technics huweka ndani ya boksi kipimo kidogo cha plastiki kinachoonyesha ncha ya sindano inapopaswa kufika, yaani milimita 52 kutoka mahali kichwa kinapoingia kwenye mkono. Ukikosea kwa milimita moja au mbili, nyimbo za mwisho karibu na lebo zitasikika zikikwaruza hata kama santuri ni mpya.

Kisha huja kusawazisha mkono, hatua ninayoipenda kuliko zote. Unauzungusha uzito wa nyuma kidogo kidogo mpaka mkono uelee hewani, haupandi wala haushuki, kama mizani ya sonara isiyo na kitu. Hapo unarudisha pete ya namba kwenye sifuri, na kutoka hapo unazungusha mpaka 1.5, kwa kuwa katriji hii hutaka gramu moja na nusu. Nilihakikisha kwa mizani ndogo ya kielektroniki ya sindano, na namba ya pete ilikuwa sahihi kabisa.

Kosa langu lilikuwa jingine. Niliacha kidude cha kuzuia mkono usivutwe ndani kikiwa kwenye sifuri. Kwa siku tatu nilisikia herufi "s" za waimbaji zikichanika kwenye spika ya kulia, nikailaumu santuri, kisha katriji, kisha spika zenyewe. Santuri inapozunguka huuvuta mkono kuelekea katikati, kwa hiyo sindano hubanana na ukuta wa ndani wa mfereji na kuulegeza ule wa nje, ambao ndio wenye sauti ya kulia. Nilipokizungusha kidude hicho hadi 1.5, sawa na uzito wa sindano, mchaniko ulikoma papo hapo. Nimeieleza kwa urefu kwa sababu ni kosa jepesi kufanya na gumu kulibaini.

Kuhusu umeme sina mengi. Hakikisha muuzaji anakupa mashine ya volti 240 inayofaa kwetu, na ufunge waya wa ethi kwenye skrubu ya ampilifaya ya fono, la sivyo utasikia mngurumo. Ampilifaya hiyo ya fono ni ya lazima, kwa maana katriji hutoa takriban milivoliti 5 tu, tena besi yake ilipunguzwa makusudi santuri ilipochongwa na inahitaji kurudishwa.

Sasa nizungumzie sauti. Mota ya kawaida ina kiini cha chuma ambacho hushikwa na kuachiwa na sumaku kila kinapopita, na hivyo mzunguko huwa na vishindo vidogo. Mota ya G haina kiini hicho. Kiwanda kinataja kuyumba kwa mwendo kwa asilimia 0.025, namba ambayo haikuniambia kitu mpaka nilipoweka santuri ya taarabu ya zamani yenye fidla nne. Fidla zinaposhika noti moja na kuivuta kwa muda mrefu, mashine yangu ya awali iliifanya noti hiyo itikisike kidogo, nami kwa miaka mingi niliamini kwamba wapigaji ndio waliotikisa. Kwenye mashine hii noti ilisimama wima. Nikasikia kwamba fidla ya pili ilikuwa chini ya ile ya kwanza kwa kiasi kidogo sana, na kwamba mpigaji aliisahihisha kabla ya qanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, kuingia. Jambo hilo lilikuwa ndani ya mfereji wa santuri ile muda wote huo. Kwenye akodiani na magitaa ya rumba faida ni hiyo hiyo: kila gitaa linakaa kwenye nafasi yake, na besi inaanza na kukoma kwa wakati wake.

Mwendo wa 78 ni sifa ambayo watathmini wengi huipita, ilhali kwetu ni muhimu. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice, na hazina kubwa ya uimbaji wa pwani wa enzi ile iko kwenye santuri za mwendo huo. Lakini mtu asiziguse kwa sindano ya kawaida. Mifereji yake ni mipana, hivyo sindano nyembamba huzama na kuchimba taka za chini, na huhitajika sindano maalumu yenye ncha pana. Kwa kuwa kichwa cha mkono wa Technics huchomolewa kwa kulegeza pete moja, ninacho kichwa cha pili chenye katriji ya 78, na kubadilisha huchukua nusu dakika pamoja na kurekebisha uzito. Wala usizisafishe kwa spiriti, maana zimetengenezwa kwa lakiri na spiriti huiyeyusha. Maji yaliyochujwa kwa mvuke na kitambaa laini vinatosha.

Je, inastahili bei yake? Kwa mwenye santuri ishirini za kisasa, hapana. Zipo mashine za robo ya bei hii zitakazomfurahisha, na tofauti ya fedha ataitumia vizuri zaidi kwenye spika. Kwa mwenye makasha ya 45 na 78 za familia, ambazo nyingine huenda hazipo popote pengine, naipendekeza bila kusita, mradi aweke kando fedha za rafu, katriji mbili na ampilifaya ya fono kabla ya kuagiza. Kwa wakazi wa pwani naongeza kwamba kifuniko kishushwe kila usiku kwa ajili ya chumvi na vumbi, na santuri zisimamishwe wima mahali penye hewa, kwani ukungu huingia kwenye bahasha za karatasi msimu wa mvua.

Kila mwanzo wa mwezi huirudisha pimamaji juu ya sahani. Baada ya mvua za masika povu lilikuwa limesogea kidogo kuelekea dirishani. Niliuzungusha mguu wa kushoto robo duru, likarudi katikati, nikaweka santuri.