Uzoefu wangu: kwa nini 2023 ndio mwaka bora wa Nintendo, hata mbele ya 2017

Ubishi wa mwaka bora wa Nintendo, kampuni ya gemu ya Kijapani, ukianza, wengi hutaja 2017 na kuona mjadala umefungwa. Nawaelewa. Switch, konsoli yao ya kuchezea gemu, iliingia sokoni tarehe 3 Machi mwaka huo, siku moja na The Legend of Zelda: Breath of the Wild, na Oktoba ikafuata Super Mario Odyssey. Kampuni ilikuwa imetoka kwenye Wii U, konsoli iliyouzwa milioni 13.56 tu maisha yake yote, na ghafla kila mpenda gemu alikuwa anaizungumzia tena. Lakini mimi nimecheza gemu za miaka yote miwili, nyingine hadi mwisho na nyingine nikaziacha njiani, na jibu langu ni 2023.

Kigezo changu ni hiki: toa vigogo viwili vya mwaka, kisha angalia kilichobaki. Karibu kila mwaka mzuri wa Nintendo una Zelda au Mario wake, kwa hiyo hao hawatusaidii sana kuamua. Swali ni mtu aliyemaliza Zelda yake, au ambaye Zelda haimvutii kabisa, anabakiwa na nini mkononi?

Hapo ndipo 2017 inapoanza kupwaya. Mario Kart 8 Deluxe, ya mbio za magari, ni tamu, nami bado naicheza, ila ni ileile ya Wii U ya 2014 iliyoongezewa vitu. ARMS ya mwezi Juni ilikuja na wazo zuri la kupigana kwa mikono inayorefuka kama springi, lakini baada ya muda unahisi umeshaona kila kitu ilichonacho. Splatoon 2 inawafaa wanaopenda kushindana mtandaoni. Xenoblade Chronicles 2 ilifika Desemba, ndefu mno, na bado inakufundisha mambo mapya ya kupigana wakati wewe unataka hadithi isonge mbele. Si mwaka mbaya hata kidogo, ila vigogo wake wawili ndio wameubeba mgongoni.

Sasa tuje 2023. Januari tu ilikuja na Fire Emblem Engage, gemu ya vita vya kupanga mbinu kwa zamu. Hadithi yake ni nyepesi, na mazungumzo ya wahusika mara nyingi niliyaruka. Vita vyake ni habari nyingine. Upanga unaushinda shoka, shoka linaushinda mkuki, mkuki unaushinda upanga. Ukimpiga adui kwa silaha inayoishinda yake, anaangusha ya kwake na hawezi kujibu pigo. Kanuni ndogo kama hiyo inakufanya upange zamu nzima upya: nani atangulie kumvunja, nani amalize, nani abaki nyuma asifikiwe na mishale. Kuna ramani nilizozirudia kwa hiari yangu, kwa kutaka tu kuzishinda vizuri zaidi.

Tarehe 8 Februari wakatangaza Metroid Prime Remastered na kuiuza kidijitali siku hiyohiyo, bila matangazo ya miezi. Hii ni gemu ya 2002 ya kupiga risasi na kuchunguza sayari, ya konsoli ya GameCube, iliyotengenezwa na Retro Studios. Kuta, milango, mimea, vyote vimechorwa upya, na mwendo wake ni laini wa fremu (picha) 60 kwa sekunde. Sasa unalenga kwa vijiti vyote viwili, jambo ambalo pedi ya zamani haikukuruhusu. Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni kidogo: ukipiga risasi kubwa karibu na ukuta, mwanga wa mlipuko unaakisi uso wa Samus, shujaa unayemcheza, kwenye kioo cha kofia yake. Kwa nusu sekunde unakumbuka kwamba ndani ya chuma hicho kuna mtu. Uso huo ulikuwepo tangu 2002, lakini safari hii unaonekana wazi kabisa. Ukifika Phendrana Drifts, eneo la theluji, usikimbie. Simama kidogo usikilize muziki.

Pikmin 4 ndiyo inayonifanya niutetee mwaka huu bila kusitasita. Ilitoka tarehe 21 Julai, miaka kumi baada ya Pikmin 3, na kwa maoni yangu ndiyo gemu bora zaidi ya mfululizo huo. Kwa asiyeujua: wewe ni kiumbe mdogo kama mdudu, unaongoza kundi la viumbe wanaofanana na miche, unawarusha wapigane na wadudu wakubwa, wavunje kuta, na wabebe vitu vya binadamu kuvipeleka kwenye chombo chako. Safari hii umeongezewa Oatchi, mbwa anayeogelea, anayeruka, anayevunja vitu kwa kichwa, na anayeweza kulibeba kundi zima mgongoni. Kabla yake, kuvuka maji ilikuwa shughuli ya kupanga nani abaki na nani aende. Sasa unapanda mbwa na kuondoka. Wapo waliolalamika kwamba gemu imelegezwa, kwa sababu ya mbwa huyo na kwa sababu unaweza kurudisha muda nyuma kundi likiangamia. Wana hoja kwa saa za mwanzo. Wakifika kwenye sehemu ya Olimar, nahodha aliyeanguka na chombo chake, ambapo una siku 15 tu za kukusanya vipande 30 vya chombo chake, sidhani kama watalirudia lalamiko hilo. Pale kila dakika ina hesabu yake: kundi hili libebe, lile lichimbe, wewe na Moss, mbwa wa sehemu hii, mkapige adui upande wa pili, na jua linazama. Ni raha ambayo sijaipata kwenye gemu nyingine yoyote ya Switch.

Na hapo bado sijawagusa vigogo. The Legend of Zelda: Tears of the Kingdom ilitoka tarehe 12 Mei na kuuza nakala milioni 10 ndani ya siku tatu. Mengi yameshasemwa kuhusu Ultrahand, uwezo wa kuunganisha vitu: feni mbili na usukani mmoja, una pikipiki ya kuruka. Mimi nitasema kuhusu ardhi ya chini, ulimwengu wa giza ulio chini ya nchi ya gemu, kwa sababu naona haijapewa haki yake. Giza lile lina ukubwa uleule wa nchi iliyo juu, lakini limegeuzwa: palipo na mlima juu, chini pana shimo. Kila hekalu dogo la juu lina mzizi wa mwanga chini yake, na jina la mzizi ni jina la hekalu likisomwa kutoka mwisho kwenda mwanzo. Nilipoligundua hilo nilifungua ramani mbili kwa zamu na kuanza kutafuta mahekalu kwa kufuata mizizi, kisha mizizi kwa kufuata mahekalu. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Wabunifu wamekuachia tu, wakiamini utaona.

Super Mario Bros. Wonder nayo ilikuja tarehe 20 Oktoba, Mario ya kwanza mpya kabisa ya konsoli ya kukimbia kuelekea upande mmoja tangu New Super Mario Bros. U ya 2012. Wameondoa saa inayohesabu muda, kwa hiyo unaweza kusimama na kuchokonoa kila kona. Kwenye levo ya pili unagusa ua la maajabu, na mimea ileile iliyokuwa inataka kukumeza inatoka kwenye mabomba yake na kuanza kuimba kwa pamoja, huku wewe ukipita katikati yao. Nilicheka kwa furaha kabisa. Wazo hilo linatumika pale, linaachwa, na levo inayofuata ina lingine. Kampuni nyingi zingelitandaza wazo moja kama hilo kwenye gemu nzima.

Najua pingamizi linalokuja: nusu ya orodha ya 2023 ni vitu vya zamani. Ni kweli kwamba Kirby's Return to Dream Land Deluxe ilitoka kwanza kwenye Wii mwaka 2011, Super Mario RPG ni ya 1996, na Advance Wars ni gemu mbili za Game Boy Advance. Hiyo Advance Wars iliahirishwa mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipoanza, ikatoka Aprili 2023. Lakini kutengeneza upya kuna viwango vyake. Metroid Prime na Super Mario RPG zimejengwa upya kwa uangalifu, na anayezikuta leo kwa mara ya kwanza hahitaji kuzionea huruma kwa umri wao. Pikmin 1 na 2, nazo zilizorudishwa mwaka huo, hazikupewa kazi hiyo, zimeng'arishwa picha na kuletwa. Hapo wakosoaji wako sahihi. Na 2017 haiwezi kujificha nyuma ya hoja hii wakati gemu yake iliyouzwa zaidi ni ile ya magari iliyotoka Wii U.

Kwenye jambo moja 2017 inashinda bila ubishi. Breath of the Wild ilibadilisha namna watu wanavyotengeneza gemu za ulimwengu wazi, ambamo unazunguka popote utakapo, na hakuna gemu ya 2023 iliyofanya kitu cha uzito huo. Tears of the Kingdom imesimama juu ya nchi ileile, na kwenye Switch ya kwanza hupoteza fremu unapounganisha vitu vingi kwa pamoja. Toleo lake la Switch 2, la Juni 2025, limelitibu hilo. Ukinilazimisha nichague gemu moja tu kati ya miaka hiyo miwili, nitachukua Breath of the Wild. Ila hapa tunapima mwaka mzima, na mwaka ni pamoja na Februari na Julai.

Kama una Switch na hujagusa chochote cha 2023, usianze na Zelda. Pakua onyesho la bure la Pikmin 4, cheza hadi liishe. Ukinunua gemu kamili, unaendelea pale ulipoishia. Baada ya hapo nenda Metroid Prime, ikiwezekana usiku na ukiwa umevaa hedifoni. Fire Emblem iache hadi uwe na likizo.