Micro Set na Micro Sol: uzoefu wangu baada ya ndege tatu

Nimemaliza modeli ya tatu ya ndege mfululizo nikitumia Micro Set na Micro Sol, zile chupa mbili ndogo za dawa ya kulaza dekali kutoka Microscale, kampuni ya Marekani, na sasa naona ninalo la kusema. Dawa hizi si ngeni, waunda modeli wamezitumia miaka mingi. Ila maelezo niliyosoma kabla ya kuanza yaliishia kwenye "paka hii, kisha ile", na yaliyokosekana hapo ndiyo yaliyoniponza.

Kwa asiyezoea: dekali ni stika nyembamba mno iliyochapwa kwenye karatasi yenye gundi. Ukiilowesha, gundi inalainika na stika inateleza. Ndiyo inayoleta alama za jeshi, namba za mkiani na yale maandishi madogo ya mafundi yaliyotapakaa mwili mzima wa ndege. Kila dekali ina utando mwangavu uliozidi mchoro kidogo. Utando huo ukikalia rangi isiyong'aa, ambayo ukiitazama kwa karibu ni vinundu vitupu, hewa inanaswa chini yake. Mwanga ukipiga, unaona weupe wa fedha kuzunguka kila herufi.

Modeli yangu ya Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, ya kipimo cha 1/48 (ndogo mara 48 kuliko halisi) ilipatwa na hilo. Nilipaka kijani na kahawia, zikakauka vizuri, nikabandika moja kwa moja nikiamini dawa itamaliza kila kitu. Kwenye mabawa weupe ulijitokeza hata kabla sijamaliza upande wa pili. Nilitoboa kwa sindano, nikaongeza Micro Sol mara nne, ukapungua lakini haukuisha. Kwa hiyo la kwanza ninalomwambia kila anayenunua chupa hizi: anza na vanishi ya kung'aa, na uiache siku nzima ikauke. Dawa inafanya kazi juu ya uso laini. Haiwezi kuutengeneza uso huo.

Sasa dawa zenyewe. Ya lebo ya buluu, Micro Set, inanuka siki, na hutangulia: naipaka mahali dekali itakapokaa, ndipo naiteleza dekali juu yake kwa brashi yenye maji. Inasaidia gundi kushika na inalainisha utando kidogo, huku ikikuachia muda wa kusogeza mpaka alama inyooke. Kisha naikandamiza taratibu kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa, kutoka katikati kwenda pembeni, maji na hewa vitoke. Ya lebo nyekundu, Micro Sol, ndiyo kali. Inapakwa juu, dekali ikishatulia, na inaulainisha utando mpaka unazama kwenye mistari ya mabamba na kuzifuata ribiti (vile vichwa vya misumari inayoshika mabamba) kama rangi iliyopakwa.

Hapo katikati ndipo penye mtihani. Dakika chache baada ya kupaka Micro Sol, dekali inakunjamana kama ngozi ya kidole kilichokaa majini. Inatisha. Mkono unataka kunyoosha, na ukigusa tu umeipoteza, kwa maana wakati huo utando ni laini kiasi cha kuchanika kwa ncha ya brashi. Hivyo ndivyo nilivyopoteza herufi moja ya kikosi kwenye ndege ya pili. Siku hizi nikishapaka naondoka mezani kabisa. Nikirudi mikunjo imejilaza yenyewe. Penye mistari mirefu naipaka tena mara mbili au tatu, kila mara nikisubiri ikauke.

Kwenye dekali nene matokeo ni hafifu zaidi. Seti moja ya modeli, ambayo mtengenezaji wake sitamtaja, ilikuwa na dekali ngumu zilizokataa kuzama hata baada ya mara tano. Na karatasi ya dekali iliyokaa miaka mingi, jaribu kwanza alama moja usiyoihitaji: ikipasuka majini, ipake karatasi nzima Liquid Decal Film, dawa ya kampuni hiyohiyo inayoweka utando mpya, iache ikauke, kisha ukate kila alama karibu na mchoro wake. Hatua hiyo iliniokolea alama zote za ndege ya tatu.

Ndege hiyo ya tatu ni Bf 109, ndege ya kivita ya Ujerumani, na ndiyo iliyonifanya nizipende dawa hizi. Ina maandishi madogo mengi. Herufi ya milimita 24 kwenye ndege halisi inabaki nusu milimita kwa kipimo cha 1/48, na utando wake ni mkubwa kuliko maandishi yenyewe. Hapo ndipo weupe wa fedha unapoumbua kazi ya wiki nzima. Nilibandika sita au saba kwa kila kikao, upande mmoja tu, nikaacha zikauke kabla ya kugeuza ndege. Kesho yake nilipangusa mabaki ya gundi kwa kitambaa chenye unyevu, nikafunika kwa vanishi ya kung'aa, mwisho isiyong'aa. Utando haukuonekana popote.

Wapo wanaoziacha dekali kabisa na kupulizia alama kwa stensili za kubandika. Nimejaribu kwenye kiwiliwili cha Spitfire, ambako duara la alama ya jeshi lenye kipenyo cha inchi 36 linakuwa milimita 19, na kwa alama kubwa kama hiyo nakubaliana nao: hakuna utando wa kuficha. Puliza tabaka jepesi sana, vinginevyo rangi itapenya chini ya ukingo. Lakini maandishi ya nusu milimita hayakatiki kwa stensili, kwa hiyo chupa hizi hazitaondoka mezani kwangu.

Baada ya ndege tatu kila chupa bado imezidi nusu. Na ile pembetatu ya njano yenye namba 87, yaani kiwango cha oktani cha mafuta, iliyoko karibu na mdomo wa tangi la mafuta la Bf 109, imelala juu ya mstari wa bamba, na mstari unaonekana ukipita katikati ya namba bila kukatika.