Makumbusho ya Devil's Porridge, Eastriggs: waliokanda uji na waliopata kura

Husemwa kwamba wanawake wa Uingereza walipewa kura kama malipo ya kazi yao ya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Eastriggs ni mahali pazuri pa kuipima kauli hiyo. Makumbusho haya ya kusini mwa Scotland yanahusu HM Factory Gretna, kiwanda cha kodaiti, baruti ya kurushia makombora, kilichojengwa baada ya jeshi kupungukiwa makombora mwaka 1915. Wanawake wapatao 12,000 walifanya kazi humo.

Anzia nje, kwa garimoshi liitwalo Sir James. Halina tanuri. Lilijazwa mvuke kutoka kwenye boila, likatembea hadi nguvu ikapungua, likarudi kujazwa tena, maana cheche moja ingeteketeza kila kitu. Ndiyo maana viberiti na pini za chuma za nywele vilipigwa marufuku.

Ndani, ghorofa ya chini ndiyo yenye uzito. Jina la “uji wa shetani” (Devil's Porridge), yaani mchanganyiko wa kodaiti uliokandwa hapa, ni la Arthur Conan Doyle, mwandishi wa hadithi za Sherlock Holmes, aliyezuru kiwanda mwaka 1916, ingawa kwa jinsi ulivyokandwa, uji huo ulikuwa karibu zaidi na unga uliokandwa wa mkate. Kodaiti ya hapa, iliyoitwa RDB, ilikuwa na asilimia 52 ya pamba iliyotiwa asidi ya nitriki, 42 ya nitrogliserini na 6 ya mafuta ya mgando. Ililainishwa kwa etha na alkoholi kwa sababu asetoni ilikuwa adimu. Nitrogliserini hupenya ngozi, hutanua mishipa ya damu na kuleta maumivu makali ya kichwa. Mvuke wa etha nao hulevya hadi mtu akaanguka. Usitafute hapa wale wanawake wa viwanda vya silaha waliogeuka manjano ngozi: rangi ile ilitokana na TNT, kilipuzi kingine, si kodaiti.

Kuhusu kura, njoo na hesabu ya umri kichwani. Sheria ya Februari 1918 iliwaingiza wanawake wapatao milioni 8.4, lakini wa miaka 30 na kuendelea, tena wenye sifa ya makazi wao wenyewe au kupitia waume zao. Wengi wa wakandaji walikuwa wasichana wa chini ya umri huo, na kitanda cha hosteli walimolala hakikuhesabika kuwa makazi. Wanawake wa miaka 21 na kuendelea walisubiri hadi 1928. Kilichoilazimu serikali kuigusa sheria ni askari waliopoteza haki ya kupiga kura kwa kuwa mbali na nyumbani. Mlango ulipofunguliwa kwa ajili yao, akina Millicent Fawcett, kiongozi wa wanawake waliokuwa wakidai kura tangu zamani, wakapenya. Kazi ya viwandani iliwapa wapinzani wa kura ya wanawake kama Asquith, waziri mkuu hadi 1916, njia ya kubadili msimamo bila kuumbuka.

Ghorofa ya juu, yenye Vita vya Pili vya Dunia na kituo cha nyuklia cha Chapelcross, inatosha kupitiwa haraka. Eastriggs haina stesheni ya treni. Shukia Gretna Green au Annan, kisha umalizie kwa barabara.